Usiku Mmoja, Kauli Tatu: Kumbukumbu za Uvamizi wa Mahandaki na Wanaozikusanya

Adhabu ya kaburi, Waswahili husema, aijua maiti. Methali hii humweka mkusanyaji wa kumbukumbu za vita katika njia panda. Aijuaye adhabu yenyewe hasemi, na asemaye ni yule aliyenusurika, ambaye kwa kunusurika kwake ameijua nusu tu. Pamoja na hayo, historia ya vita haina budi kuandikwa, na ili iandikwe ni sharti mtu abishe hodi kwa mzee, aketi, na asikilize. Makala haya yanaichunguza kazi hiyo kwa kuangalia tukio la aina moja: uvamizi wa usiku katika mahandaki ya Ufaransa na Ubelgiji wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, 1914 hadi 1918, na masimulizi ambayo askari wa Uingereza waliyatoa kwa waandishi wa historia nusu karne baadaye. Hoja inayotetewa ni kwamba masimulizi hayo yakisomwa kama ghala la taarifa tu, hupotea kile hasa ambacho mzee peke yake angeweza kukitoa. Na kwamba mhakiki wa fasihi simulizi anazo zana za kukiokoa.

Yafaa kwanza tukio lenyewe lielezwe. Kufikia mwisho wa 1914 majeshi yalikuwa yamejichimbia ardhini katika mstari mrefu ulioanzia pwani ya Ubelgiji hadi mpaka wa Uswisi. Baina ya mahandaki ya pande mbili palikuwa na ardhi isiyo na mwenyewe, pengine yenye upana wa mita mia kadhaa, pengine mita chache tu, iliyosongwa na seng'enge za miiba na mashimo ya mizinga. Katika uvamizi, kundi la watu liliivuka ardhi hiyo gizani, likaingia katika handaki la adui, likakaa humo kwa muda mfupi, kisha likarudi. Halikukusudia kuliteka handaki hilo. Lilitumwa kukamata mateka, kutambua ni kikosi gani kilichokuwa upande wa pili, kuharibu, kuua, na, kwa fikira za majemadari, kuamsha ari ya mapambano katika jeshi lililokuwa likizama matopeni. Wavamizi walijipaka usoni masizi ya kizibo kilichochomwa. Walivua beji, wakaacha nyuma barua na vitabu vyao vya mshahara, ili atakayekufa au kutekwa asitambulikane. Bunduki ndefu ilikuwa mzigo ndani ya handaki jembamba, kwa hiyo wengi walichukua bastola, mabomu ya kutupa kwa mkono, visu, na rungu zilizopigiliwa misumari. Katika vita vya mizinga na bunduki za rashasha, ambamo wengi waliwaua watu wasiowaona, hii ilikuwa mojawapo ya nyakati chache ambapo askari alimfikia adui kwa urefu wa mkono.

Miongoni mwa uvamizi wa mwanzo kabisa upande wa Uingereza, wanahistoria huutaja ule uliofanywa na askari wa Garhwal, kutoka India, mnamo Novemba 1914. Baadaye desturi hiyo ilienea na kukua. Tarehe 1 Machi 1917, Wakanada wapatao 1,700 walivamia ngome za Wajerumani katika mlima wa Vimy wakitanguliwa na gesi ya sumu. 687 kati yao waliuawa, walijeruhiwa, au walipotea. Hiyo nayo iliitwa uvamizi, kwa jina lile lile lililotumiwa kwa watu kumi waliotambaa katika majani kwenda kuiba mateka mmoja. Neno moja, basi, lilibeba mambo yasiyolingana, na mkusanyaji asiyelijua hilo huweza kuuliza swali moja akajibiwa mambo mawili.

Kwa nini majemadari waliupenda uvamizi kiasi hicho? Jibu lenye uzito limetolewa na Tony Ashworth katika kitabu chake Trench Warfare 1914-1918: The Live and Let Live System, kilichochapishwa 1980. Kwa mujibu wa Ashworth, katika sehemu nyingi tulivu za mstari wa vita askari wa pande mbili walikuwa na mapatano yasiyosemwa. Mizinga ilipigwa kwa saa zilizojulikana, risasi zilielekezwa mahali pasipo na mtu, na doria ya usiku iliweza kulala shimoni kisha ikarudi na taarifa ya kubuni. Vita viliweza kuigizwa. Uvamizi haukuigizika. Mkubwa aliyeuamuru alitaka mateka, au beji iliyokatwa katika koti la maiti, na vitu hivyo havibuniwi shimoni. Ndiyo kusema kwamba uvamizi ulikuwa, pamoja na mambo mengine, chombo cha kuwalazimisha watu wasiotaka kuuana wauane, na kuthibitisha kwamba wameuana. Tangu mwanzo ulikuwa tendo linalodai ithibati, na ithibati hiyo iliambatana na ripoti.

Ripoti hiyo ilikuwa utanzu wa aina yake. Iliandikwa na afisa kwa ajili ya afisa mkubwa zaidi. Ilitaja saa ya kutoka, idadi ya watu, mahali seng'enge zilipokatwa, mateka waliopatikana, hasara iliyopatikana, na saa ya kurejea. Ikigeuzwa kwa Kiswahili, ripoti ya namna hii hujipanga yenyewe katika kiambishi cha -ka-: waliondoka saa saba za usiku, wakakata seng'enge, wakaingia, wakatupa mabomu, wakakamata mateka wawili, wakarejea. Kiambishi hiki, kama wajuavyo wanafunzi wa sarufi, hulikalisha kila tendo juu ya mgongo wa tendo lililotangulia. Hakiliruhusu tendo lisimame peke yake, wala hakina nafasi ya kuuliza kulikuwaje baina ya kuingia na kutupa. Na baina ya kuingia na kutupa ndipo yalipokuwa mambo ambayo mzee, miaka hamsini baadaye, angali anayaota.

Kazi ya kuwatafuta wazee hao ilipata nguvu katika miaka ya 1960. Mwaka 1964 shirika la BBC lilionyesha mfululizo wa filamu, The Great War, ambamo askari wa zamani walizungumza mbele ya kamera. Mwaka 1967 Martin Middlebrook, mfugaji wa kuku kutoka Lincolnshire ambaye hakuwa amesomea historia katika chuo kikuu, alizuru makaburi ya Somme. Akarejea nyumbani akitaka kujua siku ya tarehe 1 Julai 1916 ilikuwaje kwa askari wa kawaida, akawatafuta waliokuwako kupitia magazeti, na kitabu chake, The First Day on the Somme, kikatoka 1971 kikiwa na sauti za mamia ya watu. Mwaka uliofuata Jumba la Makumbusho ya Vita la London lilianzisha idara yake ya kanda za sauti. Lyn Macdonald, aliyekuwa mtayarishaji wa vipindi vya redio, alichapisha 1978 kitabu chake juu ya Passchendaele. Peter Liddle alikusanya nyaraka na mahojiano ambayo tangu 1988 yamehifadhiwa katika Chuo Kikuu cha Leeds. Kwa jumla, wakusanyaji hawa walikuwa wakishindana na kifo. Kijana aliyekuwa na umri wa miaka ishirini mwaka 1916 alikuwa na sabini na mitano mwaka 1971.

Si vigumu kuyaona mandhari ya kazi yenyewe. Mgeni anafika mchana akiwa na kinasasauti. Mzee amevaa koti lake zuri kwa kuwa amearifiwa mapema. Chai inaletwa. Nishani inatolewa katika sanduku, au mzee anasema kwamba haijui ilipo. Mgeni ana orodha ya maswali: tarehe, kikosi, jina la handaki, idadi ya watu, silaha, mateka. Mzee anayajibu kwa heshima, kwa kuwa alifundishwa ujanani kwamba aulizwapo na afisa hujibu hivyo. Kwa muda wa nusu saa mazungumzo hayo hayana tofauti kubwa na ripoti. Watu kumi na wawili walitoka, tisa walirudi. Kisha mgeni anafika kwenye swali ambalo ripoti haikuliuliza, nalo ni: wewe mwenyewe ulifanya nini ulipokuwa ndani? Hapo ndipo masimulizi yanapogeuka.

Mabadiliko hayo yana dalili ambazo mwenye mazoea ya fasihi simulizi huzitambua mara moja. Ya kwanza ni nafsi. Msimulizi aliyekuwa akisema "niliagizwa" na "nilitambaa" huhamia "tuliingia" na "tuliwapiga", au kauli ya kutendwa, ambamo watu "waliuawa" bila ya kutajwa aliyewaua. Nafsi ya wingi humsitiri. Ya pili ni lugha ya kiada: kazi ilifanyika, hakukuwa na la kufanya, ndivyo vita vilivyo. Fomula hizi hufanana na zile zinazomsaidia manju kuvuka mahali ambapo kumbukumbu imekwama, ila hapa kumbukumbu haikukwama. Imefika mahali isipotaka kupita. Ya tatu ni kicheko, hasa katika visa vya rungu na visu, ambacho humchanganya mkusanyaji kijana akadhani kwamba mzee anafurahi. Ya nne ni kimya.

Dalili ya tano huonekana vizuri zaidi pale maneno ya mzee yanapotiwa katika Kiswahili. Mfasiri anayefuata mkondo wa kisa kwa -ka- hufika mahali pasipowezekana kuendelea nao. Mathalan, sentensi sahili kwamba kijana wa Kijerumani alikuwa ameketi kitandani na kumtazama aliyeingia haikubali kuwa "akaketi, akanitazama". Hudai kuwa "alikuwa ameketi, akinitazama". Kiambishi cha -ki- hakina mwisho ndani yake. Tendo la kukata seng'enge lilikwisha mwaka 1916. Tendo la kutazamwa bado linaendelea sebuleni, mbele ya vikombe vya chai. Mwanahistoria anayeandika kwamba wavamizi walimkuta askari mmoja katika shimo la kulala wakamuua hakusema uongo. Amegeuza tu -ki- kuwa -ka-, na kwa kufanya hivyo amelimaliza jambo ambalo kwa mwenyewe halikumalizika.

Ili isidhaniwe kwamba tofauti hii ni ya wazee wasiosoma dhidi ya maandishi ya wasomi, inafaa kuutazama usiku mmoja ulioandikwa mara tatu. Tarehe 25 Mei 1916, karibu na kijiji cha Mametz, kundi la askari wa kikosi cha Royal Welch Fusiliers lilitoka kuvamia. Seng'enge za Wajerumani ziliwazuia, hawakufanikiwa kuingia. Luteni Siegfried Sassoon, mshairi, ambaye hakuwa katika kundi lililotangulia, alitoka kwenda kuwaleta majeruhi, na kwa tendo hilo akatunukiwa nishani ya Military Cross. Maandishi ya nishani yanataja ushujaa, muda wa saa moja na nusu chini ya risasi na mabomu, na matokeo: waliouawa na waliojeruhiwa wote waliletwa. Hiyo ni kauli ya kwanza. Ya pili ni shajara ya Sassoon, iliyochapishwa 1983 baada ya kifo chake, ambamo giza, kungoja, na koplo aliyefia katika shimo vimechukua nafasi ya matokeo. Ya tatu ni Memoirs of an Infantry Officer, kitabu cha 1930, ambamo usiku ule ule amepewa mhusika wa kubuni aitwaye George Sherston, kijana anayejitazama kwa mbali na kwa kejeli kidogo.

Ipi kati ya kauli hizi tatu ndiyo kumbukumbu? Swali hili lina mtego. Nishani ilitolewa kwa uvamizi ambao, kwa kipimo cha ripoti, ulishindwa. Shajara ilikuwa karibu zaidi na tukio kwa saa, lakini iliandikwa na mtu ambaye hakuwa amejua vita vingeishaje. Riwaya ilibadili jina la mtendaji ili mwandishi aweze kusema juu yake yale ambayo "mimi" isingeyasema. Ikiwa mshairi mwenye elimu na kalamu alihitaji kauli tatu na jina la kupanga ili aukaribie usiku mmoja, ni dhahiri kwamba mkusanyaji hawezi kumtarajia mzee amkabidhi usiku wake kwa kikao kimoja.

Wapo watakaopinga kwamba yote haya yanathibitisha udhaifu wa kumbukumbu, na kwamba mwanahistoria angefanya vyema kubaki na nyaraka. Hoja yao haifai kubezwa. Mfaransa Jean Norton Cru, ambaye mwenyewe alipigana mahandakini, alichapisha 1929 kitabu chake Témoins, akavipima vitabu vya mashahidi vipatavyo 300 na kuwashutumu waliojaza kurasa zao singe na mito ya damu. Paul Fussell alionyesha mwaka 1975 jinsi fasihi ilivyoziumba kumbukumbu za vita hivyo. Alistair Thomson, aliyewahoji wakongwe wa Australia katika miaka ya 1980, aligundua kwamba baadhi yao walisimulia kama yao mambo yaliyoshabihi matukio ya filamu ya Gallipoli ya 1981. Hakuna anayeweza kukana kwamba mzee husahau, huchanganya, na hupamba.

Hata hivyo, hoja hiyo inajibika. Alessandro Portelli alieleza jinsi wafanyakazi wa mji wa Terni, Italia, walivyokihamisha kifo cha mwenzao Luigi Trastulli kutoka 1949, alipouawa kwa hakika, hadi 1953, mwaka wa mapambano makali ya kazi. Tarehe ilikosewa, lakini kosa lenyewe lilifichua kile ambacho kifo hicho kilimaanisha kwao. Kadhalika kwa mvamizi wa mahandaki. Akisema kwamba mateka walikuwa wanne na ripoti ikasema wawili, ripoti ndiyo ya kuaminiwa juu ya idadi. Lakini swali la pili libaki: hao wawili wa ziada wametoka wapi? Huenda ni usiku mwingine. Huenda ni watu ambao hawakufika wakiwa hai katika handaki la Waingereza, na ambao ripoti haikuwa na safu ya kuwaandikia.

Hapa suala linaacha kuwa la mbinu na linakuwa la maadili. Kitabu cha historia ya kijeshi kina haja zake. Kinataka aya fupi, yenye tarehe na mahali, ya kuthibitisha kwamba uvamizi fulani ulifaulu au haukufaulu. Katika saa tatu za kanda, mstari mmoja unaweza kuchukuliwa. Nao aghalabu ni ule wenye rungu, kwa kuwa msomaji ataukumbuka. Mzee ambaye katika ujana wake alitakiwa alete mateka kama ithibati, sasa katika uzee anatakiwa alete kisa kama ithibati. Mara zote mbili ametumwa gizani na mtu aliyebaki nyuma. Mkusanyaji mwadilifu hawezi kuikwepa hali hiyo kabisa, lakini anaweza kuijua, na kuijua kwake kutaonekana katika anachokiacha kisimame.

Lipo pia swali la wale ambao hawakubishiwa hodi. Vitabu vya Middlebrook na Macdonald vilijengwa zaidi kwa sauti za Waingereza. Watu wa Garhwal, ambao walitambaa kuelekea mahandaki ya Wajerumani mapema hivyo, wamesikika zaidi kupitia barua za askari wa India zilizopita mikononi mwa waandishi wa kukodiwa na wakaguzi wa jeshi. Mkusanyiko wa barua hizo uliohaririwa na David Omissi ulichapishwa 1999. Mwaka huo huo Joe Lunn alichapisha utafiti wake juu ya askari wa Senegal walioipigania Ufaransa, uliotokana na mahojiano aliyoyafanya mwanzoni mwa miaka ya 1980 na wazee 85. Wazee hao walikuwapo wakati wote. Kilichokosekana ni mgeni wa kuketi nao.

Msomaji wa Nairobi hahitaji kwenda mbali ili alielewe hilo. Vita vile vile vilifika hapa, navyo vimeacha jina katika mitaa ya Kariokor na Kariakoo, jina la kikosi cha wapagazi waliokufa kwa njaa na maradhi kwa maelfu. Geoffrey Hodges, katika kitabu chake cha 1986 juu ya wapagazi hao, alitumia masimulizi ya wazee walionusurika. Kabla yake, mwaka 1968, wanafunzi wa Dar es Salaam walitumwa vijijini kuwauliza wazee juu ya Vita vya Maji Maji. Uzoefu wa aina hii upo, na waliochukua masimulizi hayo walikabiliwa na nafsi zile zile zinazohama na kimya kile kile. Waliopigana Burma mwaka 1944 chini ya bendera ya Uingereza karibu wote wametutoka, na wengi wao waliondoka bila ya kuulizwa.

Mapendekezo yanayotokana na mjadala huu ni machache. Kanda na itunzwe pamoja na maandishi yake, wala maandishi yasichukuliwe kuwa ndiyo kanda. Swali liandikwe kando ya jibu, kwa sababu jibu la mzee ni nusu ya mazungumzo. Kuhama kwa nafsi kuonyeshwe, kicheko kitajwe, kimya kipimwe kwa sekunde. Kosa la tarehe lirekebishwe katika tanbihi, lisifutwe katika matini. Na mwanahistoria anapofinyanga aya yake, amwache msomaji aone mahali ambapo -ki- ya mzee imegeuzwa kuwa -ka- ya kitabu.

Harry Patch, wa mwisho miongoni mwa waliopigana katika mahandaki ya Ufaransa na Ubelgiji, alifariki Julai 2009 akiwa na umri wa miaka 111. Hakuwa amezungumza hadharani juu ya vita hadi 1998, alipokwisha kutimiza miaka mia moja. Tangu kifo chake hakuna mlango tena wa kubishia hodi. Kilichobaki ni kanda. Mkusanyaji amemaliza zamu yake, na sasa ni zamu ya msikilizaji. Maiti, kama methali isemavyo, ndiyo iijuayo adhabu ya kaburi. Aliyerudi aliijua nusu yake, na nusu hiyo aliisema kwa shida, kwa kuzungukazunguka, baina ya kikombe na kikombe. Kuipokea kama ilivyosemwa ndilo deni la chini kabisa ambalo usomi unaweza kulilipa.